Unga wa Violet, Dawa ya Ebenezer

Binti yangu Veridiana alipofeli kidato cha nne, sikulia. Nilimwambia aondoe madaftari mezani tule. Mimi ni mwalimu wa kemia na baiolojia, nina stashahada yangu ya ualimu, na mtoto wangu mwenyewe alipata F ya kemia katika darasa nililolifundisha mimi. Watu wa Masasi walinipa pole kama mfiwa. Nilizipokea zote, na nyumbani sikumpa Veri hata moja.

Alikaa miaka miwili akifagia na kupika. Kilichomwinua ni kucha.

Palikuwa na dada mmoja, Violet, mke wa ofisa wa halmashauri, watu wa Arusha. Yeye ndiye aliyemfundisha Veri kubandika kucha za unga. Unachovya brashi kwenye dawa, unaigusisha kwenye unga, kinatokea kidonge kidogo chenye majimaji. Unakilaza juu ya ukucha, unakitandaza, kinakauka kikawa kigumu kama jino. Kisha unasugua kwa msasa na kupaka rangi. Mume wa Violet alipohamishwa, Violet alimwachia Veri kopo kubwa la unga, chupa ya dawa, brashi mbili, na neno moja.

"Unga huu na dawa hii ni wa tumbo moja," alimwambia, mimi nikisikia. "Vikiisha, agiza vya jina hili hili. Usiuoze unga wa ukoo huu kwa dawa ya ukoo mwingine."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wauzaji.

Ilikuwa miaka ile maduka yamejaa. Sisi tuliopanga foleni ya kipande cha sabuni tukiwa chuoni, sasa tulikuwa tunachagua sabuni kwa harufu. Korosho zilinunuliwa na kila aliyekuja na gari, na msimu ukiiva, harusi zilifuatana. Hata kule juu Newala, bibi harusi hakukubali tena kutolewa nje na kucha alizozaliwa nazo. Veri alipata meza kwenye kona ya saluni karibu na stendi, na kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wanapanda gari kutoka Newala kumfuata yeye. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa anamshika mtu kidole kama anayeshika yai, na mtu anasahau kuwa anashikwa.

Nilianza kupita pale kila nikitoka shule. Sikumwambia kwamba ninajivunia. Nilikosoa mpangilio wa meza yake.

Mwezi wa kumi na moja dawa iliisha, na unga ulikuwa umebaki zaidi ya nusu ya kopo. Ndivyo ilivyo, dawa hupungua yenyewe hata chupa ikifungwa. Kuagiza nyingine Dar es Salaam kulitaka wiki tatu, na mvua zikiwahi, barabara ikawa tope, hata sita. Nasi tulikuwa na harusi ya Winfrida, binti wa kijijini Mkunya. Alikwisha kuja Masasi mwenyewe kuwekeana ahadi na Veri kwamba atambandika yeye na wapambe wake wawili. Kabla yake walikuwapo wateja wengine kila siku.

"Niwaambie wasubiri?" Veri aliniuliza.

"Bibi harusi anasubiri wapi? Niachie mimi."

Nilikwenda kwa Ebenezer, aliyekuwa na duka la vipodozi mtaa wa sokoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Dawa ya kucha za unga unayo?"

"Ipo, Mwalimu. Ya Dubai. Kali! Hata nzi hatui dukani nikiifungua."

"Inakwenda na unga gani?"

"Unga wake wameumaliza. Lakini unga si ni unga?" Akacheka. "Aa, mimi nauza tu. Mwenye kemia ni wewe."

Mwenye kemia ni mimi. Nilirudi na chupa ile nyumbani nimeikumbatia kama cheti.

Veri aliinusa akarudi nyuma. "Mama, hii si ya Dada Violet. Harufu si yake."

"Jina si lake, ndiyo. Unga wowote wa kucha ni akrili, na akrili ni akrili."

"Alisema tusichanganye."

"Violet kasoma kemia wapi?"

"Hajasoma."

"Basi."

Nilimkalisha nikamfundisha, kwa sauti ile ninayotumia darasani kwa wanaochelewa kuelewa. Unga ni chembe zilizokwisha kuungana, dawa ni chembe zinazotafuta kuungana, zikikutana zinashikana, kwisha. Kisha nikaleta kipande cha kioo, nikaweka kidonge cha unga wa Violet na dawa ya Ebenezer, nikahesabu. Sikufika mia tatu, kikawa kigumu. Nikakigonga kwa kijiko.

"Unasikia? Mwamba wa Masasi huo."

Akasikia. Mtoto aliyepata F ya kemia atamjibu nini mama yake?

Nilikuwa nimegonga juu tu. Kilichokuwa ndani ya kidonge sikukiangalia. Kila mtengenezaji huweka kwenye unga wake kiasi cha kichocheo kinacholingana na dawa yake mwenyewe, na kikipungua, juu panaganda na ndani panabaki pabichi. Habari za vichocheo na vipimo vyake nazifundisha kidato cha tatu kila mwaka. Nilizijua. Sikujiuliza.

Baada ya siku tatu au nne Veri aliniambia, "Mama, inachelewa kukauka. Na nikipiga msasa, vumbi lake linanata vidoleni."

"Ongeza dawa," nilimwambia. Nilikuwa nasahihisha mitihani, sikuinua hata kichwa.

Akaongeza.

Siku ya kumi hivi, tukiwa mezani, niliona anashika kijiko kwa vidole vya pembeni. Nikamvuta mkono. Ncha za kidole gumba na cha shahada zilikuwa nyekundu, zimejaa malengelenge madogo madogo kama mbegu za nyanya.

"Umebangua korosho," nikasema.

"Sijabangua."

"Veridiana."

"Mama, sijagusa korosho tangu Pasaka."

"Korosho za Pasaka haziunguzi mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo umeshika za juzi."

Asiyekulia kwetu anaweza kuniona mwendawazimu. Lakini kuanzia Masasi mpaka Newala, mtu akiwa na vidole vilivyoungua msimu wa korosho, hakuna anayeuliza. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, na msimu ule kila nyumba ina mwenye mikono inayobanduka. Wasichana wa stendi walikuwa wanakaanga korosho na kuwauzia abiria, na wawili kati yao walikuwa rafiki zake Veri. Isitoshe, palikuwa na jambo la zamani. Akiwa na miaka tisa, kwa bibi yake kijijini Chilangala, Veri aliiba korosho mbichi akazichoma nyuma ya jiko, akaungua mpaka midomo, akaniambia ni maji ya moto. Nilimchapa kwa uongo, siyo kwa korosho. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita na faili lile nilikuwa sijalifunga.

"Dada Violet alisema…"

"Violet tena! Mtoto, mimi nimezaliwa chini ya mkorosho. Jivu unalijua lilipo. Paka, uache uongo."

Alikwenda akapaka jivu. Nilimsikia jikoni akivuta pumzi kwa meno.

Kwa kuwa nilikwisha kujua ni nini, sikuwa na sababu ya kusimamisha kazi. Alibandika kucha wiki nzima nyingine kwa dawa ile ile, amefunga vidole kwa vitambaa. Vitambaa vililowa dawa, akavifua, akavifunga tena.

Ijumaa kabla ya harusi tulipanda Newala kwa gari la mizigo, tukaendelea hadi Mkunya. Nilikwenda naye kwa sababu Winfrida alikuwa mwanafunzi wangu zamani, na, niseme kweli, kwa sababu nilitaka kuonekana nikiwa mama wa huyo fundi. Chumba kilijaa wanawake, shangazi na wapambe na majirani. Maji kule ni ya kuhesabu, basi bakuli moja lilinawiwa na wote. Veri alitandika taulo, akafungua unga wa Violet na dawa ya Ebenezer, dirisha likafunguliwa kwa harufu, na Winfrida akatoa mkono.

Akaona vidole vya Veri.

"We Veri! Mikono imepatwa na nini?"

Veri alinitazama. Alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Korosho. Kaambiwa asiguse, kagusa. Anataka hela ya stendi na ya saluni kwa pamoja."

Chumba kizima kikacheka. Shangazi mmoja akasema, "Mwacheni, Mmakonde gani haungui korosho? Hata mimi nimeolewa na vidole vya namna hiyo, na mume hakunirudisha!" Wakazidi kucheka. Veri naye alicheka kidogo, kisha akainama juu ya kidole cha Winfrida na hakuinua uso mpaka kucha za mwisho zikapakwa rangi. Zilikuwa nzuri. Nyeupe kwenye ncha, zinang'aa. Watu walizisifu, nikaitikia mimi.

Nimewahi kufanya makosa makubwa katika maisha ya watu. Mwalimu yeyote amefanya. Lakini nikikosa usingizi, ninachokisikia ni kicheko cha chumba kile.

Jumatatu iliyofuata kope za Veri zilivimba zikakaribia kufunga macho. Ncha za vidole zilipasuka, na kucha zake mwenyewe, zile za kuzaliwa, zikaanza kuachana na nyama. Kazi haikuwezekana. Nami, badala ya kuogopa, nilikasirika: bado anakana! Nikampakia kwenye gari la Chilangala kwa bibi yake, Bibi Dorothy, mama wa marehemu mume wangu. "Kakae kwa hao wenye korosho," nilimwambia, "utarudi ukiwa na ukweli."

Alibeba mfuko kwa kiwiko.

Shule zilipofungwa nilimfuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa kwenye kigogo, mikono imepakwa jivu, kijiti mkononi, rundo la korosho zilizokaangwa mbele yake. Anabangua. Damu ilinipanda kichwani.

"Shikamoo Mama," nilimwamkia Bibi Dorothy kwanza.

"Marahaba. Ulinileta mjukuu au ulinitupia?"

"Mama, mtoto ameungua korosho, nawe unambangulisha tena?"

Bibi Dorothy alimwita Veri, akachukua kata ya maji, akamwosha jivu, akaniletea ile mikono karibu na uso kama mtu anayenionyesha mali yangu iliyopotea.

Ilikuwa mizima. Ngozi mpya, nyororo, ya waridi kidogo kwenye ncha. Macho yalikuwa macho yake.

"Wiki ya kwanza nilimwacha alale," akasema. "Ya pili akapona, akaomba kazi. Siku sita leo anabangua. Umeona lengelenge?"

"Sijaona."

"Korosho inaunguza papo hapo, haisubiri siku kumi. Inaacha weusi, ngozi inatoka kama ganda la muhogo. Na haipandi kwenye kope za mtu ambaye hajajishika. Yeye alikuja na kitu cha majimaji, kinawasha, usiku anajikuna mpaka ananiamsha. Miaka hamsini nabangua, kitu hicho sikijui. Hukumwuliza?"

"Nilimwuliza."

"Ulimwuliza, au ulimwambia?"

Veri alikuwa amerudi kwenye kigogo chake. Alikuwa anabangua tena, taratibu, kokwa zinatoka nzima nzima. Mkono ule mwepesi.

Mtu mwenye akili angemwomba msamaha pale pale. Mimi nilianza kupiga hesabu. Kama si korosho, ni ile dawa. Kama ni ile dawa, inatupwa, tunarudi kwenye ya Violet, mambo yamekwisha. Hivyo ndivyo nilivyomwambia njiani: "Tutaitupa ya Ebenezer. Tutaagiza ya Dar, ya jina la Violet." Akasema, "Sawa, Mama," na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja niliona anatabasamu. Alianza kuniambia rangi atakazoagiza.

Dawa ilifika wiki ya kwanza ya Januari, jina lile lile, tumbo moja na unga wake. Veri alisugua meza yake kwa sabuni. Mteja wa kwanza alikuwa nesi mmoja. Nilisimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Kidonge kilitokea kizuri, kikakauka kwa wakati wake, msasa ukatoa vumbi kavu jeupe. "Unaona, Mama?" akasema. "Hili halinati."

Jioni alianza kujikuna. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba kuliko mara ya kwanza, na kope zimefunga.

Nilimpeleka hospitali ya misheni. Daktari Rogath, mtu mpole wa maneno machache, alisikiliza habari yote, akataka kuona chupa zote mbili. Nilikuwa nimezichukua.

"Hii nzuri haina kosa," alisema. "Hata ile nyingine, siwezi kusema peke yake ingefanya nini. Kosa ni kuiunganisha na unga usiokuwa wake. Haikukomaa, ikabaki mbichi, na ubichi huo ukaingia kwenye ngozi yake kila siku, wiki baada ya wiki. Mwili ukajifunza kuukataa. Sasa umeshajua, hauchagui tena nzuri na mbaya. Tone moja linatosha."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Hakuna mpaka, Mwalimu. Kazi hii aiache. Na siku akihitaji meno ya bandia, amwambie daktari wa meno kwanza, maana hutengenezwa kwa kitu cha jamii hiyo hiyo." Kisha akauliza, "Mlipoona malengelenge ya kwanza, mliendelea?"

Nilitaka Veri aseme.

"Tuliendelea wiki nzima," nikasema. "Nilidhani ni korosho."

Daktari alitingisha kichwa polepole. Si mtu wa kwetu, lakini alikwisha kukaa misimu ya kutosha. "Wengine mliowabandika?"

Wa Masasi tuliwazungukia kwa siku mbili. Wengi hawakuwa na kitu, mmoja ukucha ulikuwa umeng'oka. Wa mwisho alikuwa Winfrida. Nilitaka kwenda peke yangu. Veri akasema ile kazi aliifanya yeye kwa mikono yake, atakuja.

Tulimkuta Mkunya nyumbani kwa mumewe. Alitupokea kwa furaha, akaketi nasi, na tukaona vidole. Vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa na magamba, vimepasuka pembeni.

"Msishangae," akasema. "Korosho tu. Wakwe zangu hao! Nimeingia harusini Jumamosi, Jumatano wananipa kapu nibangue. Nimegombana na mama mkwe, Mwalimu, hatujasalimiana tangu Krismasi. Anasema sikubangua hata kapu nusu, najidekeza. Vidole si hivi anaviona?"

Nikaona Veri anajiandaa kusema, na nikajua atasema nini.

"Ni kweli, Dada," akasema. "Korosho za mwaka huu ni kali. Mimi mwenyewe…"

Alikuwa ananifunika. Mtoto niliyemwita mwongo kwa mwezi mzima alikuwa anatamka uongo wake wa kwanza kwa ajili yangu.

"Si korosho," nikasema. "Winfrida, si korosho, na mama mkwe wako hana kosa. Ni mimi. Nilinunua dawa isiyokuwa ya unga ule, nikaichanganya. Veri alinikataza, nikamnyamazisha. Alipoungua nikasema ni korosho, nikasema hapa hapa Mkunya, mbele yako na mbele ya shangazi zako. Usibandike tena kucha za unga, kwa mtu yeyote. Na uende hospitali ukaonyeshe vidole hivyo."

Winfrida alinitazama. Mwanafunzi wangu huyo, niliyewahi kumsimamisha nje kwa kumwaga tindikali.

"Mwalimu," akasema, "si wewe uliyekuwa ukituambia, usichanganye usichokijua?"

"Ni mimi."

"Na mimi nimemtukana mama wa watu." Akainuka kwenda uani kumtafuta mama mkwe wake. Hakurudi haraka. Tulimsikia anaomba radhi, na yule mama anasema, "Haya, haya, inuka, uji unaungua."

Kwenye gari la kurudi, tukiwa tunateremka, nilimwambia Veri, "Hukusema uongo."

"Najua, Mama."

"Ningekusikiliza siku ile ya kwanza…"

"Najua." Alikuwa anatazama bondeni. "Uongo wangu ni ule wa maji ya moto tu. Ule ni wangu kweli."

Vifaa alimgawia msichana mwingine wa saluni, unga na dawa ya jina moja, na neno la Violet. Siku za mwanzo alikaa karibu naye kumwelekeza, dirisha wazi, mikono mapajani; harufu ilipomwasha macho, akaacha hata hilo. Sasa ananunua na kuuza korosho zilizobanguliwa. Anaishi kwa hiyo, na watoto wake wanasoma.

Mikono yake haina kovu. Lakini mpaka leo nikiitazama kwa kitambo, huiingiza chini ya kanga. Nimemwuliza kwa nini, nikasubiri jibu mpaka mwisho. Akasema ni mazoea tu, kwamba huwa anaogopa nitasema mikono ina nini kabla yeye hajaniambia.